Usimlaumu mtu kwa kosa la friji: jibu kwa mwalimu wa Kimara kuhusu vipima umeme vya nyumbani

SWALI: "Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Kimara, Dar es Salaam, na mwanangu, mkewe, wajukuu wanne na dada wa kazi. Chumba cha uani nimempangisha kijana mmoja, naye anatumia LUKU yetu hii hii (mita ya kulipia umeme kabla). Zamani umeme wa 10,000 ulitufikisha siku sita, sasa siku tatu. Mwanangu amenunua plagi mbili za Wi-Fi na kipimo kinachobana waya kwenye mein swichi, matumizi yanaonekana kwenye simu yake. Wiki ya kwanza kila mtu alikuwa anachungulia. Siku hizi hakuna anayetazama, isipokuwa yeye mwenyewe akiwa kazini: akiona umeme umepanda anapiga simu nyumbani kufoka. Dada wa kazi, binti wa watu, anaishi kwa wasiwasi. Je, vifaa hivi vinaweza kweli kubadili tabia za watu, au tumetupa hela?"

JIBU: Shikamoo mwalimu.

Hela hamjaitupa. Vifaa mlivyonunua ni vizuri na vinatosha, sikushauri muongeze kingine kwa sasa. Tatizo ni kwamba taarifa zake zinakwenda kwa mtu mmoja aliye kazini, wakati swichi zinabonyezwa na watu wanane walio Kimara. Na kuna jambo la pili ambalo linanihuzunisha zaidi: mmeanza kuwalaumu watu kabla hamjajua kama kosa ni la watu.

Tuanze na bei, kwa sababu umeme ukianza kuisha haraka kila mtu huishuku. Chukua risiti za zamani na za sasa uzilinganishe. Mteja wa T1 (kundi la matumizi ya kawaida) anauziwa uniti, yaani kWh moja, kwa shilingi 292, ukijumlisha VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1 inafika takriban shilingi 356. Kwa hiyo 10,000 inatoa uniti 28 na kidogo, ila manunuzi ya kwanza ya mwezi hupungua kwa sababu kodi ya jengo inakatwa humo. Kama risiti zako nyingine zote zinasoma 28, bei ni ile ile.

Basi zamani mlikuwa mkitumia uniti 4.7 kwa siku, leo 9.4. Tofauti ni uniti 4.7, kama shilingi 1,670 kila siku, au 50,000 kwa mwezi. Sasa tuiulize hesabu: tabia gani ya mtu inaweza kula kiasi hicho?

Taa haiwezi. Najua ndizo zinazoongoza kwa kelele katika kila nyumba, "zima taa, zima taa," lakini balbu ya LED ya wati 9 ikiwaka saa kumi na mbili nzima inakula uniti 0.108, yaani shilingi 38. Wajukuu wako wakisahau balbu nane kwa saa tano, hasara ni shilingi 128. Ni hela, sikatai, na waendelee kuzizima. Ila huwezi kuzitafuta 1,670 humo. King'amuzi na chaja za simu nazo hazifiki. Pangaboi la wati 70 likizunguka usiku kucha ni chini ya uniti moja.

Kinachoweza kula uniti nne na nusu kwa siku bila mtu kukiona ni kitu chenye mota au chenye koili. Na kabla hamjafungua simu ya mwanao tena, naomba mfanye kipimo kimoja kisichohitaji intaneti. Saa nne usiku, watu wakishalala, soma uniti zilizobaki kwenye rimoti ya LUKU, andika. Saa kumi na moja alfajiri, kabla hajaamka mtu, soma tena. Hizo saa saba hakuna anayepiga pasi, hakuna anayechemsha maji, wajukuu wamelala. Kilichopungua hapo hakina tabia, ni mashine zenyewe. Ikiwa imepungua nusu uniti, nyumba yako usiku ni nzima. Ikiwa ni uniti moja na nusu, kuna kitu kinavuta zaidi ya wati 200 muda wote, na hakuna kufoka kutakakokitibu.

Mimi nikiona namba kubwa ya usiku, naenda kwanza kwenye friji. Ihamishie plagi mojawapo ya Wi-Fi, iache siku mbili, halafu mwambie mwanao akuonyeshe mchoro wake. Friji la kawaida lililo zima linachora milima na mabonde: kompresa inafanya kazi dakika kumi na tano au ishirini, inapumzika, inarudi tena. Friji linaloumwa linachora mstari ulionyooka, halipumziki. (Mafriji mapya ya inveta nayo hayapumziki, lakini mstari wake uko chini sana, kwa hiyo angalia na wati.) Friji la wati 150 lisilopumzika linakula uniti 3.6 kwa siku, wakati likiwa zima lingekula moja na kidogo. Peke yake hilo limeshakumalizia nusu ya ile tofauti.

Sababu mara nyingi ni mpira wa mlango. Bana noti ya elfu moja kati ya mlango na boksi, funga, kisha ivute. Ikitoka bila ubishi, mpira umekufa pale, na joto la Dar pamoja na unyevu wake wote vinaingia ndani mchana na usiku. Zungusha noti mlango mzima, maana huwa unakufa upande wa juu au kwenye kona ya bawaba. Mpira unabadilishwa na fundi wa mafriji. Angalia pia mgongo wake: kama limesukumwa mpaka likagusa ukuta, na ile nyavu ya nyuma imejaa vumbi na buibui, halina pa kutolea joto. Barafu ikishajenga ukuta ndani ya frizi, nayo ni kosa la kuondoa leo leo.

Baada ya friji ni pampu ya kupandisha maji kwenye simtanki. Hujaitaja, lakini nyumba nyingi za Kimara zinayo. Kama ilikuwa ikijaza tanki kwa dakika arobaini na sasa inachukua saa mbili, valvu ya chini inavujisha, au floti swichi (swichi ya boya la tanki) imekwama na maji yanamwagika usiku DAWASA ikileta maji nanyi mmelala. Kile kipimo cha mein swichi kitawaonyesha: pampu ya nusu hp inaonekana kama ngazi moja iliyonyooka, inapanda ghafla na kushuka ghafla.

Sasa nikujibu lile uliloniuliza hasa, la tabia.

Kuna ushahidi mzuri kwamba kumwonyesha mtu anachotumia kunampunguzia matumizi, na wa kwanza uko hapa hapa Afrika. Cape Town, Afrika Kusini, wateja walipohamishwa kutoka bili ya mwisho wa mwezi kwenda mita za kulipia kabla, mfano wa LUKU yetu, matumizi yao yalishuka kwa takriban asilimia 14. Sisi hatua hiyo tumeshaipita zamani. LUKU yenyewe ni kipimo, na mama yeyote wa Dar anajua ile hofu ya mita ikianza kulia usiku.

Wa pili unatoka Zurich, Uswisi. Watafiti walifunga kipimo kidogo kwenye bomba la bafu katika nyumba karibu 700. Unaoga huku unaona maji na nishati vinavyopanda, na pembeni kuna picha ya dubu amesimama juu ya kipande cha barafu kinachoyeyuka kadiri unavyochelewa. Nishati ya kuogea ilishuka kwa asilimia 22. Fikiria ni kwa nini. Aliyekuwa akioga ndiye aliyeona, aliona wakati bado ana uwezo wa kufunga bomba, na aliona kitu kimoja tu. Hakuletewa ripoti ya nyumba nzima.

Na wa tatu ni ule uliokukuta wewe. Uholanzi walizipa familia vipimo vya kuonyesha umeme wa nyumba nzima. Miezi minne ya kwanza matumizi yalishuka karibu asilimia 8. Walipofuatiliwa mpaka mwezi wa kumi na tano, upungufu ule ulikuwa umeshindwa kudumu. Kipimo kilikuwa pale pale, watu walikuwa wameshakizoea kama saa ya ukutani. Kwa hiyo usijione kwamba familia yako ni ya wavivu. Kutazama grafu si mazoea yanayojijenga yenyewe.

Ndiyo maana nakuomba mwanao afanye mambo mawili leo jioni. La kwanza, azime tahadhari zote kwenye simu yake ya kazini. Zote. Akiona wati 2,000 saa nane mchana hawezi kujua kama dada anapiga pasi sare za shule aliyoagizwa kuzipiga, au amesahau kitu. Anachoweza kufanya kutoka kazini ni kufoka tu, na anayefokewa kwa kazi aliyotumwa hajifunzi kubana umeme, anajifunza kuogopa simu. Isitoshe, mchoro wa umeme unasema mengi kuhusu mtu: ameamka saa ngapi, ametoka lini, amelala mchana au hakulala. Anayepimwa namna hiyo anastahili kujua, na anastahili kuona kile kile anachokiona mwenye simu.

La pili, ile taarifa ihamie nyumbani, pale penye mikono. Dukani kuna balbu za Wi-Fi zinazobadili rangi, na nyingi zinaongozwa na programu ile ile ya plagi zenu. Ikifungwa moja koridoni, karibu na jikoni, anaweza kuipanga iwe nyeupe siku zote, na igeuke nyekundu nyumba ikivuka wati 1,500. Hakuna wa kufungua simu. Mtoto anapita, anaiona nyekundu, anauliza, "Kuna nini kinawaka?" Hilo swali ndilo tunalolitaka. Balbu hiyo ndiyo pekee ninayoona inafaa kuongeza, na si lazima. Ikikosekana, wewe unacho kifaa bora zaidi kuliko chochote nilichotaja: ubao.

Weka ubao mdogo ukutani chini ya rimoti ya LUKU. Kila siku saa moja jioni mjukuu mmoja, kwa zamu ya wiki, anasoma uniti zilizobaki, anazitoa kwenye za jana, anazidisha kwa 356 na kuandika shilingi. Siyo wati. Wati hazimwambii mtu kitu, lakini "jana 3,340" kila mtu anaielewa, na dada wa kazi ataielewa vizuri kuliko wote kwa sababu ndiye anayetumwa sokoni. Siku ikishuka, weka tiki yako nyekundu. Nasema hivyo kwa sababu maalum. Katika mji wa San Marcos, California, watafiti walizijulisha nyumba zipatazo 290 jinsi matumizi yao yalivyo ukilinganisha na ya majirani, wakachapisha matokeo mwaka 2007. Waliokuwa wakitumia sana walipunguza. Lakini waliokuwa wakitumia kidogo, walipogundua kwamba wako chini ya wenzao, walijiachia wakapanda! Walipochorewa uso unaotabasamu pembeni ya namba yao, hawakupanda tena. Kwa hiyo anayefanya vizuri asiachwe kimya, asije akadhani wema wake hauna maana.

Tena iwe na faida kwao. Hapa ndipo nyumba nyingi zinapokwama: anayelipa LUKU ni mmoja, anayebonyeza swichi ni mwingine, na huyo wa pili akibana hapati kitu zaidi ya usumbufu. Mkubaliane kwamba wiki ikishuka chini ya wiki iliyopita, nusu ya kilichookolewa ni chao, dada wa kazi akiwemo kwa fungu kamili na si la kitoto. Elfu tatu ya Jumamosi ikigawanywa mbele ya macho yao inafundisha kuliko mwezi mzima wa simu.

Kuna uharibifu mwingine, hata hivyo, ambao usiupeleke ubaoni kabisa, kwa sababu si mazoea wala ubovu. Ni kusahau. Mfano wake mkubwa ni ile hita ya kutumbukiza kwenye ndoo, ambayo msimu wa baridi ya Juni na Julai wajukuu wanne lazima wanaoga nayo. Kupasha lita 15 ziwe vuguvugu za kuogea kunahitaji kama uniti 0.26, shilingi 93. Sasa dada ametumbukiza hita, mtoto mdogo analia, uji unafurika jikoni, gari la shule linapiga honi. Akikumbuka, ndoo inatokota. Lita zile zile zikifika kuchemka zimekula karibu uniti 1.3, zaidi ya shilingi 450, halafu zinachanganywa na ndoo nyingine kama nne za maji ya baridi ili zisimuunguze mtoto. Nimeshuhudia asubuhi kama hiyo katika nyumba moja Tabata, nikiwa nimesimama na saa mkononi: swichi ilikuwa nyuma ya mlango wa stoo, hita ilikuwa bafuni, na kati ya hapo na pale kulikuwa na watoto watatu wa kuvalishwa. Hapakuwa na uzembe wowote. Palikuwa na mikono miwili na kazi tano.

Kwa hita hiyo, tumia plagi yenu ya pili ya Wi-Fi na uipange ijizime yenyewe baada ya dakika kumi na moja. Kwa hita ya wati 1,500 zinatosha lita 15, ukitaka ya moto zaidi ongeza dakika. Usimfundishe mtu kukumbuka kitu ambacho saa inaweza kukikumbuka kwa niaba yake. Na kwa jina la Mungu, mtoto asitie mkono kwenye ndoo kabla hita haijachomolewa kabisa, plagi kuzima haitoshi.

Kwa chai ya siku nzima dawa yake ni chupa ya chai, chemsha mara moja. Taa ya nje ya ulinzi iwekewe sensa ya mwanga izime kukicha.

Sasa kijana wa uani. Huyu usimpime kimya kimya. Mwite, mweleze kama unavyowaeleza wa ndani, kwamba umeme umepanda mara mbili na mnatafuta chanzo bila kumshuku mtu. Kama anapikia jiko la koili la wati 1,000 saa mbili kwa siku, hizo ni uniti mbili, zaidi ya shilingi 700, na pengine mlipopatana kodi alikuwa bado anatumia gesi. Hana kosa, makubaliano ndiyo yamepitwa na wakati. Njia ya haki ni sabmita, yaani mita ndogo ya chumba chake, ifungwe na fundi, naye awe anaisoma pamoja nawe kila mwisho wa wiki na kulipa alichotumia kwa bei ile ile ya 356, bila nyongeza. Nimeona wapangaji wakigombana na wenye nyumba miaka kwa sababu ya "kila chumba elfu tano," ambapo mwenye redio anamlipia mwenye friji. Sabmita inamaliza hayo maneno kwa siku moja.

Machache ya usalama, na haya mwambie mwanao ayasome mwenyewe. Plagi nyingi za Wi-Fi ni za ampea 10, baadhi 13. Friji, hita ya ndoo na pasi zinabebwa. AC kubwa, jiko la umeme na hita ya bafu ya papo kwa papo hapana, zitaiyeyusha. Kwa plagi ya friji, aingie kwenye mipangilio aiweke irudi ilivyokuwa umeme ukikatika na kurejea. Nyingine huja zikiwa zimepangwa kubaki zimezima, na mkiwa mmesafiri nyama yote itaoza. Frijigadi (kinga ya friji dhidi ya umeme unaopanda na kushuka) ibaki pale pale, plagi haichukui kazi yake. Kile kipete cha mein swichi kibane waya wa moto peke yake. Kama kinabana wa moto na nyutro kwa pamoja kitasoma sifuri au karibu na sifuri, kwa sababu mkondo unaokwenda na unaorudi unafutana. Kufungua mein swichi ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, na mita ya TANESCO pamoja na waya unaotoka kwenye nguzo visiguswe na mtu yeyote wa nyumbani kwa sababu yoyote. Na plagi zenyewe zinakula: kila moja kama wati moja muda wote, shilingi 250 kwa mwezi. Mbili ni sawa. Akija na wazo la kuweka kumi, mkatalie.

Mpango wangu kwenu, basi, ni kipimo cha usiku kesho na keshokutwa, friji siku mbili kwenye plagi pamoja na jaribio la noti, kisha ndiyo ubao uanze. Usianze ubao friji likiwa bado bovu, maana watoto watabana wiki nzima na namba haitashuka, na hawatakuamini tena. Siku mnayouzindua, kama ni friji lililokuwa likila umeme wa nyumba, waambie hivyo mbele ya dada wa kazi, na mwanao amwombe radhi kwa zile simu. Yeye mwenyewe, si wewe kwa niaba yake.